61 Hours ya Lee Child: kitabu kinachorudi mezani kwangu na kesi

Vitabu vingi vya mtumba ninavyokodisha hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, hurudi kimya kimya. Mtu anaweka kitabu mezani, anachukua dhamana yake, anauliza kuna kipi kingine. 61 Hours hakirudi hivyo. Kinarudi na kesi. Mmoja anadai ametapeliwa, mwingine anasema hajalala usiku kucha, na wapo walioniuliza wazi kama nimenyofoa kurasa za mwisho nikafungie maandazi. Sijanyofoa kitu. Kitabu kinaishia pale pale kinapoishia.

Kwa kuwa nimeyasikia maoni ya watu wengi juu ya riwaya hii moja, na mengine siyakubali hata kidogo, nimeona niyaandike pamoja na ya kwangu. Kauli yangu naiweka mbele ili tusizungushane: katika mfululizo mzima wa Jack Reacher hiki ndicho kitabu chenye taharuki ya kweli kuliko vingine nilivyosoma, na lawama nyingi kinazobebeshwa ni za kile kilichokifuata.

Asiyemjua Reacher nimweleze haraka. Ni meja wa zamani wa polisi wa jeshi la Marekani, jitu la futi sita na inchi tano, halina nyumba, halina gari, halina simu, halina begi. Mfukoni lina mswaki wa kukunja, pasipoti na kadi ya benki, basi. Nguo zikichafuka linanunua nyingine na kuzitupa zile za mwilini. Linashuka mji lisioujua, linakuta wababe wanaonea watu, linawavunja mifupa, linanyoosha mkono barabarani kuomba lifti. Ndiyo kanuni ya karibu kila kitabu, na mwandishi wala haifichi.

Mwandishi mwenyewe, Lee Child, jina lake la kuzaliwa ni Jim Grant, Mwingereza wa Coventry, mzaliwa wa 1954. Alikuwa mfanyakazi wa televisheni ya Granada kule Manchester hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1995, akaketi kuandika. Killing Floor kikatoka 1997, na tangu hapo ni karibu kitabu kila mwaka. 61 Hours ni cha 14, kilitoka 2010, na mwaka uliofuata kikatwaa tuzo ya Theakston's Old Peculier, ambayo Waingereza huitoa kwa riwaya bora ya uhalifu ya mwaka. Mteja wangu mmoja mzee, aliyewahi kufanya kazi reli, anakipenda kisa hicho cha kupunguzwa kazi kuliko riwaya zenyewe. "Sisi walipotupunguza tulifuga kuku, mwanangu," huniambia. "Hakuna aliyetushauri kutunga uongo."

Hadithi yenyewe inaanzia barabarani, Dakota Kusini, katikati ya majira ya baridi. Reacher amejipatia kiti kwenye basi lililobeba wazee watalii. Gari dogo linalokuja mbele linayumba kwenye barafu, dereva wa basi anajaribu kulikwepa, basi linateleza taratibu na kwenda kukwama nje ya njia. Wote wanachukuliwa hadi mji wa jirani, Bolton, kusubiri hali ya hewa itulie. Dereva mmoja wa lori, Mzambia anayepita hapa akielekea bandarini Dar es Salaam na ambaye hubadilishana nami vitabu kila safari, aliniambia alishawishika na mwandishi huyu kwa ajali ile peke yake. Alisema imeandikwa na mtu aliyeuliza madereva: usukani umekatwa huku, magurudumu yanatazama huku, na gari zima linaendelea kule uzito wake unakotaka. Hakuna mlipuko, hakuna mtu anayerushwa dirishani. Ni chombo kikubwa kinachoenda polepole mahali ambapo hakuna awezaye kukizuia. Alinionyesha kwa pakiti ya sigara juu ya meza yangu, akiisukuma kwa kidole.

Bolton ni mji uliolilia kujengewa gereza. Gereza limekuja, na pesa zimekuja nalo, maana jamaa za wafungwa wanaokuja kuwaona wanalala kwenye hoteli za pale na kula migahawani. Nje ya mji kuna kambi ya zamani ya jeshi, nusu yake iko chini ya ardhi, na hakuna anayekumbuka ilijengwa kwa kazi gani. Hapo wamepiga kambi genge la waendesha pikipiki, nao wanauza dawa za kulevya. Bibi mmoja aliyepita miaka 70, Janet Salter, mkutubi mstaafu, ameona biashara yao kwa macho yake na amekubali kusimama mahakamani kusema alichokiona. Bosi wa dawa, anayeitwa Plato, yuko Mexico. Kwake yeye bibi huyu hapaswi kuifikia siku ya kesi. Polisi wa mji wamemwekea ulinzi usiku na mchana, ndani ya nyumba na nje.

Hapa ndipo Lee Child anapofunga fundo lake, na ningependa kila anayetaka kuandika riwaya ya taharuki kwa Kiswahili alitazame kwa makini. Wakati mji ule ulipokuwa ukiomba gereza, ulitia saini makubaliano: king'ora cha gereza kikilia, kila polisi wa Bolton anaacha anachofanya na kukimbilia gerezani kulizingira. Kila polisi, bila kubakiza. Maana yake hata walinzi waliokaa ngazini kwa Bibi Salter watanyanyuka, watatoka, watawasha magari, watamwacha. Hawana hiari. Imeandikwa.

Ukishasoma ukurasa huo, unaendelea na kitabu huku sikio moja liko nje. Bibi anapika kahawa, Reacher anazunguka akikagua madirisha, wanaongea habari za vitabu na za maisha, na wewe humsikilizi yeyote kati yao, unasikiliza kama king'ora kimelia. Muuaji hajaonekana, wala hana haja ya kuonekana. Karatasi moja ya halmashauri imefanya kazi ambayo waandishi wengine huwapa majambazi kumi wenye bunduki. Na kilichonikamata zaidi ni kwamba polisi wenyewe wanalijua tatizo hilo. Mkuu wao analijua, naibu wake analijua, bibi analijua. Wanalizungumza mezani kama tunavyozungumza mgao wa umeme. Sisi wa miji ya mikoani tunayajua makubaliano ya namna hiyo, yanayosainiwa kwa shangwe na watu walioketi mbele, kisha anayekuja kuyalipia ni mtu ambaye hakualikwa hata kwenye kikao.

Jambo la pili ni saa. Kitabu kinaanza saa tisa kasoro dakika tano mchana, na papo hapo tunaambiwa zimebaki saa 61 kabla ya jambo kutokea. Jambo gani, hatuambiwi. Halafu tunaendelea kuhesabiwa kurudi nyuma: zimebaki kadhaa, zimebaki kadhaa pungufu. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi alipokodi nakala yangu hakuridhika mpaka ajue saa hiyo inaangukia wapi. Ndani ya jalada akaandika kwa penseli: siku mbili kamili, juu yake saa 13, kwa hiyo ni saa kumi kasoro dakika tano alfajiri. Kisha pembeni mwa kurasa akawa anaandika kwa saa zetu ni saa ngapi sasa kule Bolton na kama kumekucha au bado. Nilitaka kumkata dhamana kwa kuchafua kitabu. Nikaghairi, maana aliyekodi baada yake aliniomba nakala hiyo hiyo yenye maandishi, na aliyefuata naye vilevile. Sasa nakala safi imelala, yenye penseli haikai mezani.

Ukitazama hesabu zile pembeni unaona kitu ambacho ukisoma kwa kasi kinakupita. Mwandishi habani muda sawasawa. Kuna mahali anatumia kurasa nyingi kwa saa moja ya usiku, kisha anaruka mchana mzima kwa aya mbili. Anakuacha ukae pale ambapo kuna kusubiri, na kusubiri ndiko kunakotisha. Na karibu kila msomaji hudhani anajua ile saa inahesabia kifo cha nani. Hapo nanyamaza.

Baridi nayo imepewa nafasi ya mhusika. Hapa Mbeya mwezi wa Juni na Julai tunajiona mabingwa wa baridi, tunavaa makoti mawili asubuhi na kuwacheka watu wa Dar wanaoshuka stendi na mashati mepesi. Kule Bolton kipimo kinashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, ambayo ni kama 29 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na kinaendelea kushuka. Pumzi inaganda. Kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni safari ya kupangiwa. Reacher, ambaye katika vitabu vingine hakuna kinachomsumbua, hapa ameingia bila koti la maana, na mwili wake mkubwa hauna msaada wowote. Inabidi avae vya kupewa. Inabidi aombe. Wapenzi wa ngumi wanalalamika kwamba kitabu hiki kina mapigano machache, na ni kweli, machache sana. Lakini mapambano yako kila ukurasa, ila anayepigana naye Reacher hana pua ya kuvunjwa.

Nije kwenye maoni ya watu, nianze na wanaosifu.

Mwalimu mmoja wa Kiingereza wa sekondari hukichukua kila muhula na kukiazimisha kwa wanafunzi wake wa kidato cha tano. Sababu yake si hadithi. Anasema Kiingereza cha Lee Child hakina mbwembwe: sentensi fupi, maneno ya kila siku, kitenzi kinakuja mapema, huachwi njiani ukitafuta nani amefanya nini. Mtoto anayeogopa riwaya za Kiingereza anamaliza kurasa 40 kabla hajakumbuka kuogopa. Nakubaliana naye asilimia mia. Nina wateja walioanza na huyu wakahamia kwenye vitabu vizito. Mwalimu analalamikia kitu kimoja, ule mtindo wa mwandishi kutuambia kila mara kwamba Reacher hakusema kitu. Mtu anamuuliza swali, Reacher hakusema kitu. Mtu anamtukana, Reacher hakusema kitu. Anahofia wanafunzi wataanza kumjibu hivyo darasani. Mimi nalipenda hilo. Nimeuza sokoni vya kutosha kujua nguvu ya mteja asiyejibu unapomtajia bei.

Dada mmoja wa benki yeye hakujali gereza wala Plato. Alishikwa na simu. Reacher anapokwama na kuhitaji habari za ile kambi ya zamani, anapiga simu kwenye kikosi chake cha zamani cha uchunguzi, namba 110, huko Virginia. Anayepokea ni Susan Turner, mwanamke ambaye sasa amekalia kiti chake. Meza ni ile ile, na ina bonde ambalo wafanyakazi wanasema Reacher alilifanya kwa kichwa cha mtu. Turner anataka kujua kama ni kweli. Kuanzia hapo kila simu ni ya kikazi kwa nje, na ndani yake kuna watu wawili wanaopimana kwa sauti tu, mmoja kwenye theluji, mwingine ofisini usiku. Hawaonani katika kitabu hiki. Dada huyo alinirudishia kitabu akauliza, bila hata salamu, wanaonana kitabu gani? Nikamwambia itabidi asubiri Never Go Back, kilichotoka 2013. Nikamtafutia. Alipokirudisha alisema maneno machache: "Dada, simu zilikuwa tamu kuliko mtu." Hukumu hiyo naiunga mkono, ingawa wapo watakaonishika shati kwa kuisema.

Na Janet Salter kila mtu anampenda. Sijapata msomaji aliyemsema vibaya. Riwaya za aina hii zikitaka mwanamke wa kulindwa huleta msichana mrembo anayelia. Hapa tumepewa bibi msomi mwenye adabu za zamani, nyumba imejaa vitabu, anajua vizuri kabisa kwamba anaweza kuuawa na bado hajifanyi shujaa. Anasema ataenda mahakamani kwa kuwa ameona, basi. Mzee wa reli alimpenda kiasi cha kuniambia hataki kusikia neno kuhusu kitakachompata, na alisoma robo ya mwisho akiwa amesimama hapo hapo kwenye meza yangu. Nilimpa kiti, hakukiona.

Sasa kasoro, kwa maana zipo.

Ya kwanza ni msaliti. Mapema inaonekana wazi kwamba kuna mtu ndani ya mji anayempa adui habari, na Lee Child anatupa watu wachache mno wa kuwashuku. Mzee wa reli alimtaja jina lake kabla ya katikati, akaandika kwenye kikaratasi, akakikunja na kuniachia kwenye droo. Alikuwa sahihi. Mwanafunzi naye alimjua, na dada wa benki naye. Kitabu kinachojengwa kwa ustadi namna hii kilistahili msaliti wa kujificha vizuri zaidi. Kibaya ni kwamba Reacher, ambaye tumeambiwa ni mpelelezi wa kiwango cha juu, anachelewa kugundua tuliyokwisha kuyagundua sisi tunaokula mahindi ya kuchoma hapa sokoni. Kuna wanaomtetea, wanasema amechoka na amepigwa na baridi. Sawa, lakini msomaji akishamtangulia mpelelezi kwa kurasa mia, anaanza kumwonea huruma badala ya kumhofia.

Ya pili ni Plato. Ni mfupi, hafiki futi tano, tajiri, katili, anayeua mtu kwa neno dogo. Ufupi wake una kazi mwishoni, pale chini ya ardhi ambako dari ni fupi na Reacher inabidi ajikunje huku adui anatembea wima. Dereva wangu Mzambia anaona hapo ndipo mahali bora kabisa pa kitabu, na mimi nakiri palinibana kifua: lile umbo lililomshindia Reacher vita vyote limegeuka kuwa mzigo. Kabla ya hapo, hata hivyo, sura za Plato akiwa Mexico zinasomeka kama zimetolewa kwenye sinema ya zamani ya wauza unga. Kila zinapokuja, king'ora cha moyoni mwangu kinazimika. Nawashauri wasomaji wazipitie haraka.

Ya tatu ni ndogo. Katikati kuna siku moja ya kwenda na kurudi kambini, kurudi mjini, kwenda tena, ambayo ingepunguzwa bila mtu kulalamika.

Kisha mwisho. Asiyetaka kujua aruke aya mbili zinazofuata.

Saa inafika sifuri. Ile kambi ya chini ya ardhi inawaka kwa moto ambao hakuna kinachoweza kupona ndani yake, na mara ya mwisho tulipomwona Reacher alikuwa humo. Kitabu kinafungwa bila kutuambia kama alitoka. Ndiyo hapo watu wanaponijia na tuhuma za kunyofoa kurasa. Wasomaji wa Uingereza na Marekani nao walikasirika kilipotoka, maana walibaki miezi kadhaa mpaka Worth Dying For kilipochapishwa baadaye mwaka ule ule wa 2010. Mwanafunzi wa uhandisi anasema huo ni ujanja wa biashara, wa kukulazimisha kununua kingine. Mwalimu anasema riwaya ikishaahidi saa, lazima ilipe saa. Mimi nasema imelipa. Tuliahidiwa kwamba baada ya saa 61 jambo litatokea, na limetokea, kwa dakika ile ile. Hatukuahidiwa kuonyeshwa nani ametoka kwenye moshi. Isitoshe, mfululizo una vitabu 13 nyuma yake ambavyo vyote tulijua Reacher atapona tangu ukurasa wa kwanza. Hapa kwa mara ya kwanza tumepokonywa uhakika huo, na wanaopiga kelele ni kwa sababu waliuzoea.

Tatizo langu liko kwenye kitabu kilichofuata. Worth Dying For kinamkuta Reacher Nebraska, mwili unamuuma mikono na mabega, na kuhusu alivyotoka Dakota tunapata vijineno tu. Anaingia moja kwa moja kwenye ugomvi mwingine, wa familia ya kina Duncan inayowatisha wakulima wa wilaya nzima, na msichana wa miaka minane aliyepotea miaka 25 nyuma. Ni hadithi nzuri kwa upande wake, ngumi za kutosha, wanaopenda mifupa ivunjike watafurahi. Ila mtu aliyetoka kwenye 61 Hours ameshika pumzi hastahili kujibiwa kwa kuguswa bega na kuambiwa twende. Deni lilikuwa hapo, na halikulipwa hapo. Kwa hiyo mnaponirudishia 61 Hours kwa hasira, mnamrudishia mtu asiye na kosa.

Kuna wateja wanaouliza waanze na kipi. Wengine wamemwona Reacher kwenye luninga kwanza. Zile filamu mbili za Tom Cruise, ya 2012 na ya 2016, ziliwaudhi wasomaji kwa sababu ya kimo tu, na tamthilia iliyoanza 2022 na Alan Ritchson ikawatuliza kwa sababu ya kimo tu. Anayetoka huko na kuja kwenye vitabu anaweza kuanza na 61 Hours bila kusoma vya nyuma, kila kitu kimeelezwa. Lakini ningemshauri asome viwili vitatu kwanza, hata Killing Floor peke yake, azoee Reacher anayeshinda kirahisi. Asipomzoea huyo, huyu wa kwenye theluji hatamshangaza.

Vile vya karibuni, kuanzia The Sentinel cha 2020, vimeandikwa na Lee Child pamoja na mdogo wake, Andrew, aliyekabidhiwa mfululizo. Maoni ya mezani kwangu yamegawanyika. Dada wa benki anasema Reacher amekuwa mwongeaji. Dereva anasema hajali, mradi kitabu kitoshe foleni ya mpakani Tunduma. Mimi navikodisha ila sivisifu. Ninachokiona cha heri ni kwamba kuna aliyekabidhiwa. Sisi tuliokua na mashujaa wa riwaya zetu, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa tunajua hali nyingine. Mtobwa alipofariki mwaka 2008, Joram naye alibaki alipokuwa. Hadi leo kuna watu wazima na wajukuu wao wanaokuja kuniuliza kama kuna Joram mpya, na wakipewa zile za zamani wanazichukua tena, kurasa zimekuwa kahawia na jalada limeshonwa kwa uzi. Ningempa Andrew Child uvumilivu kidogo kwa sababu hiyo.

Kuhusu nakala: nyingi zinazotufikia kwenye marobota ni zile za Uingereza za jalada laini, karatasi nyembamba, gundi ya mgongoni hukauka na kurasa za katikati zikaanza kutoka. Ukinunua popote, shika kitabu mgongoni ukifungue taratibu katikati kabla hujalipa, kisha hesabu kurasa za mwisho. Kwa kitabu hiki hasa, hesabu kurasa za mwisho. Utaniokolea maneno.

Kwangu sasa 61 Hours hakitoki peke yake. Nimekifunga na Worth Dying For kwa mpira, vinakodishwa pamoja kwa wiki mbili, na bei nimeiweka chini kidogo ya vitabu viwili. Tangu nifanye hivyo kesi zimepungua sana. Mzee wa reli ndiye aliyebaki anapinga. Anasema hicho cha pili hakukiomba, na kwamba hata reli haikuwahi kumuuzia abiria wa Makambako tiketi ya Kapiri Mposhi, kule Zambia, kwa lazima.